Baba Mdogo Yuko Matangani

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kambi nzima, na uzipokee kwa mkupuo mmoja maana karatasi ni chache na watu ni wengi. Huku tu wazima. Shangazi bado ana kikohozi chake cha asubuhi, anakohoa halafu anakitukana, unamjua. Binamu yetu mrina asali alidondoka mtini wiki iliyopita, hakuvunjika kitu ila heshima. Mimi naendelea na ujane wangu na sufuria zangu.

Rambirambi zako tulizipata. Mnunuzi wa asali alizileta pamoja na madumu yake matupu, nikazisoma kwa sauti watu wote wamekaa. Shangazi akasema unaandika vizuri siku hizi. Halafu akauliza, "Na yeye mwenyewe wamemweka wapi kwenye hiyo bahasha?" Nikakunja karatasi.

Sasa lililonifanya niandike. Tangu tumzike baba, Baba Mdogo amelala mlangoni pa kibanda cha marehemu, hapo hapo, mpaka ardhi imefanya shimo la mwili wake. Kengele yake ya mti nimemvua, nimeitundika juu ya mlango kama inavyotakiwa, mpaka matanga yaishe. Haendi kuwinda na mtu. Hapokei chakula cha mkono wa mtu. Anaokota mifupa na kukamata panya wakati hatumtazami, utadhani anaona aibu kusikia njaa na kaka yake yuko chini ya udongo.

Sina haja ya kukufundisha desturi zetu. Mbwa wa marehemu anaondolewa matanga na kitinda mimba wa marehemu, kwa nyama iliyotafunwa kinywani mwake na kuwekwa kiganjani. Kitinda mimba ni wewe. Tena huyu ulimlea mwenyewe, ulimtafunia tangu hajafumbua macho vizuri, mpaka mama akawa anakugombeza kwamba unakonda wewe ananenepa yeye. Aliye matangani haingii kambi mpya, awe mtu awe mbwa. Watu wanataka kuhama, hatujawahi kukaa namna hii penye kaburi. Wao wanamsubiri yeye, na yeye anakusubiri wewe.

Njoo kabla ya mvua kubwa. Usihangaike na zawadi. Lete meno tu.

Dada yako


11 Machi

Dada, shikamoo.

Nakuandikia nimekalia ndoo niliyoigeuza, nje ya mabanda ya mbwa wa kampuni, zamu ikiwa imetulia kidogo. Barua yako ilikaa sana kwa yule mwenye duka wa barabarani, imefika inanuka mafuta ya taa. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Bado napanga chumba kile kile nyuma ya mashine ya kusaga. Siku za kazi ukuta unatetemeka mchana kutwa na vumbi la unga linaingia mpaka kitandani, nalalamika. Jumapili mashine ikifungwa nakaa kitandani sijui nifanye nini na ukimya wote ule.

Mwambie shangazi kwenye bahasha sikuenea. Mwambie binamu ajifunze kushuka mtini kwa miguu kama watu wengine. Baba Mdogo mpe pole yangu, umshike nyuma ya masikio wakati unampa.

Huku mbwa wanalala kwenye sakafu ya saruji, kila mmoja na namba yake mlangoni, na wanabweka mpaka unasahau ulikuwa unawaza nini. Nilimwambia mwenzangu wa zamu kwamba mbwa wa kwetu habweki, ndiyo maana tunamvisha kengele ya mti tujue yuko wapi porini. Akasema mbwa asiyebweka ni mbuzi. Hapo ningenyamaza. Lakini nikaendelea, nikamwambia kwamba mbwa anayewinda na baba yako ni mdogo wake baba yako, kwa hiyo ni baba yako mdogo, unamwamkia asubuhi, na akiibua mnyama anapewa fungu lake kabla yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila nikiingia ananiuliza, "Baba zako wadogo wameamkaje?" Nami nacheka naye. Nitafanyaje.

Wamenipa mbwa jike mmoja mdogo nimfundishe kazi, sikio limechanika, haambiliki hakataziki. Tumempa jina la Kiherehere. Wenzangu walimshindwa. Mimi naona ni mpweke tu, hana kingine.

Kuhusu kuja. Nilikwenda kwa msimamizi kuomba likizo ya msiba. Akaniuliza, "Msiba wa nani tena? Wa baba yako uliomba mwezi ule nikakwambia hatuna watu." Nikamjibu kwamba huu ni wa mbwa. Nilikuwa nimechoka, dada, lilinitoka tu. Alinitazama, akainuka, akaenda zake kunywa chai.

Je, haiwezekani utafune wewe kwa niaba yangu? Damu yetu si moja?

Mdogo wako


2 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Wote wanakusalimu. Wote wazima.

Nilifanya ulivyosema, ingawa jibu nilikuwa nalijua. Nilichagua nyama ya paa, ile ya ubavuni yenye mafuta, nikaitafuna mpaka ikalainika, nikaiweka kiganjani na kupiga magoti mbele yake. Watu husema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa unachuruzika mafuta na haukulambwa. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, kwa adabu kabisa, halafu akageuza kichwa upande wa njia uliyoondokea. Sikukasirika. Niseme kweli, nilikasirika. Mimi ndiye niliyemuuguza baba, mimi ndiye ninayemtoa kupe huyu, halafu macho yote yako kwa aliyeondoka. Basi tuseme ndivyo mlivyo wanaume wa nyumba hii, na mbwa wenu.

Jioni napiga ule mwito wa baba, wa viganja viwili na pumzi. Nyumba nyingine zina miito yao, wetu ni ule, na sasa naupiga mimi tu. Akiusikia anainua masikio, anasimama nusu, halafu anakumbuka aliyekuwa akiupiga hayupo, anarudi shimoni kwake. Nilitaka kuacha kuupiga nisimtese. Lakini siku nisipoupiga ananitazama mpaka giza linaingia, kwa hiyo naupiga.

Utataka kujua kikohozi cha shangazi kikoje. Siku hizi sikisikii.

Nitumie karatasi zaidi ukiweza, na kiberiti. Zamani moto ukizimika tulikuwa tunaazima kwa jirani.

Mvua bado. Njoo.

Dada yako


14 Mei

Dada, shikamoo.

Leo sina salamu za kumpelekea shangazi wala binamu, kwa sababu nimeshajua hazifiki.

Mnunuzi wa asali amekuja mjini mwenyewe safari hii, akanitafuta mpaka getini. Nilifurahi kumwona, nikamnunulia chai. Akaniuliza, "Yule dada yako ataishi pale peke yake mpaka lini?" Nikamwambia amekosea, dada yangu yuko na watu. Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayokera. Akanieleza kwamba walihama siku chache tu baada ya barua yako ya kwanza, wote, na shangazi alikulilia uende nao, ukamwambia huwezi kumwacha Baba Mdogo mlangoni kama mfupa. Na kwamba akija anakukuta wewe, mbwa na kaburi.

Sasa nieleze. Mzaha wangu wa binamu ulimsomea nani? Nilikuwa najilaza chumbani kwangu nikiwawaza mnacheka wote, shangazi anapiga mapaja. Ulinipa kikohozi cha mtu ambaye hayupo, kwa kunificha. Hukuninyima ukweli peke yake, dada, ulininyima na kuwa na wasiwasi juu yako, na mimi huku sina kazi nyingine ya moyo.

Mwache huyo mbwa uwafuate watu. Mbwa ni mbwa.

Sentensi hiyo nimeiandika na nimeitazama muda mrefu. Si yangu, ni ya mwenzangu wa zamu. Usiisome.

Siwezi kuja sasa hivi. Usiniulize kwa nini.

Nikupe habari nyingine tusigombane. Kiherehere ameshika kazi. Maneno ya amri ya huku hakuyajali hata moja, wakawa wanataka kumwondoa. Siku moja tukiwa uwanjani sisi wawili tu nikaunganisha viganja nikampigia mwito wa baba. Dada, alikuja kama maji yanayoteremka. Najua mwito wa nyumba haupewi mbwa wa mtu mwingine, najua. Lakini mimi namna nyingine ya kumwita mbwa siijui, sikuzaliwa nayo. Na asubuhi, msimamizi akiwa hajafika, namtafunia nyama. Sasa anaweza kutafuta nyama iliyokaushwa moshini hata ukiifukia, anaileta mdomoni bila kuing'ata, anampelekea aliyepiga mwito. Wakubwa wamefurahi sana.

Mimi sikufurahi kama wao. Lala salama huko.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Salamu ni mbili tu, yangu na ya Baba Mdogo. Safari hii ni za kweli.

Ndiyo, niko peke yangu. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungekuja kwa ajili yangu, kwa haraka na kwa hasira, na ungenichukua kwa nguvu kabla hujamlisha. Nilitaka uje kwa ajili yake. Pia niliona aibu. Mtu mzima kukaa kumlinda mbwa anayemkataa, hata mimi najicheka.

Ukitaka kujua ilivyo, nitakuambia mara moja na hatutarudia. Upweke wa huku hauji usiku kama nilivyodhani. Unakuja mchana, nikipika. Mkono wangu umezoea kupima chakula cha watu wengi, mpaka leo napika kingi, halafu nakaa nakitazama. Siku nyingine naongea na Baba Mdogo namuuliza kama chumvi imetosha. Kuna siku nilisikia mtu anacheka kwa sauti, nikainuka haraka kuangalia nani amekuja. Ilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma tena ile ya mbwa asiyebweka kuwa mbuzi.

Shangazi alilia kweli wakati wa kuondoka. Aliniachia blanketi lake. Walisubiri kiasi walichoweza, usiwalaumu, kaburi si jirani wa kukaa naye.

Baba Mdogo amekonda. Mbavu zake sasa unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama mbali. Mvua kubwa zikianza hapa pote panajaa maji, na panya wake watakimbia. Hatamaliza mvua, mdogo wangu. Nakuambia bila kukutisha.

Umesema mbwa wako anatafuta nyama ya moshini. Nimejiuliza mjini nani anakausha nyama kwa moshi. Lakini umesema nisiulize, kwa hiyo siulizi.

Dada yako


19 Juni

Dada, shikamoo. Nisamehe, leo sitazunguka.

Hama. Ukipata barua hii asubuhi, jioni usiwe hapo.

Kampuni yetu imepata kazi ya kupeleka mbwa kwa askari wa msitu. Wamechora mipaka mipya, na pale alipozikwa baba pamo ndani. Watapita na mbwa wakitafuta nyama ya moshini na watu walioikausha. Hao mbwa nimewafundisha mimi. Niliambiwa ni wa kulinda maghala, halafu nikaambiwa ni wa kazi nyingine, na nilipoelewa kazi gani nilikuwa nimeshamaliza. Ningekujaje kumlisha Baba Mdogo kwa mkono huu? Ndiyo sababu niliyokukataza usiiulize.

Kiherehere alipakiwa kwenye gari juzi. Alikuwa ananitazama kwa nyuma ya wavu kama vile nimesahau kupanda.

Usinisubiri. Usimsubiri yeyote. Mfunge Baba Mdogo kamba umburute kama hataki, uende naye hata kando ya kambi mpya, mkae nje.

Nijibu neno moja tu, kwamba umeondoka.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ya onyo imefika leo, mgeni akiwa ameshakuja, ameshakula na ameshaondoka. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa juzi mchana. Baba Mdogo alikuwa amejikongoja kwenda kijitoni kunywa maji, akakawia. Kwa jinsi alivyodhoofika niliingiwa na hofu kwamba ameanguka huko. Haikuwa saa ya mwito, lakini nikaunganisha viganja nikapiga. Nikasikia kishindo nyuma ya kibanda, kwenye kichanja changu cha nyama. Nikageuka. Akaja mbwa jike mwekundu, mkanda wa ngozi shingoni, sikio limechanika, na ubavu mzima wa paa mdomoni. Hakubweka. Alikuja moja kwa moja mpaka magotini pangu, akakaa, akanitazama kama mtu anayengoja kusifiwa.

Wewe uliniambia kuhusu sikio. Nilimjua kabla sijawaona askari.

Walikuwa wawili. Kijana akaanza kumwita kwa amri za kwenu, akapaza sauti, akaja kumvuta kwa mkanda. Mbwa akalala chini akawa mzito kama gogo, na nyama yake mdomoni. Yule askari mzee akamwambia mwenzake, "Hebu mwache." Akaniuliza huo mwito nimefundishwa na nani. Nikamjibu sikufundishwa, nimezaliwa nao. Akasema, "Mkufunzi wa mbwa hawa hupiga hivyo hivyo. Anasema ametoka huku kwenu." Basi hapo nikaelewa yote uliyonikataza kuuliza. Sitakudanganya, nilitamani uwepo nikuzabe kofi. Mwito wa baba, mdogo wangu, umefundishwa kututafuta sisi.

Tukiwa bado tunatazamana, Baba Mdogo akatokea kwa upande wa maji, polepole. Nilidhani watapigana. Alimkaribia Kiherehere, akamnusa shingo. Akanusa mkanda, akanusa mdomo, akanusa pale kichwani unapowashika, akarudi shingoni. Alinusa mpaka yule kijana akaacha kuvuta. Halafu mkia wake ukatikisika. Tangu tumzike baba sikuwa nimeuona ukitikisika, nikaweka mkono mdomoni. Akashika ncha ya ile nyama. Kiherehere hakung'ang'ania, aliachia. Na Baba Mdogo akala. Alikula yote, na mifupa, sisi wanne tumesimama tunamtazama, na yule askari mzee amevua kofia bila mtu kumwambia.

Nimekaa nimeipima desturi, na sioni kasoro. Kiherehere umemlea kwa kumtafunia, kwa hiyo ni mwanao. Mwana wa kitinda mimba amemlisha babu yake. Shangazi akibisha, nitabishana naye mpaka akohoe.

Askari wamenipa mpaka mwisho wa wiki niwe nimetoka ndani ya mipaka yao. Kijana alitaka kuchukua nyama iliyobaki, mzee akamwambia hakuna nyama aliyoiona, kuna mbwa tu waliokula. Kiherehere ilibidi abebwe.

Baba Mdogo alipomaliza kula alikwenda akasimama chini ya kengele yake, akaitazama. Nikamvisha. Leo amekwenda porini na kurudi, naisikia inalia kule na huku, na ni sauti ya kwanza hapa isiyokuwa yangu. Kesho tunahamia kwa wenzetu.

Sasa lililobaki ni gumu kuliandika. Nilikuita kwa ajili ya Baba Mdogo, na Baba Mdogo ameshatolewa. Kwa hiyo huna tena sababu ya kuja. Nilipokuwa nikikudai ulikuwa wangu kidogo, nilikuwa na kamba moja ya kukuvutia, na sasa imekatika kwa heri. Nimeliona hilo leo wakati napika, nikalia kuliko nilivyomlilia baba.

Hasira yangu niliishika toka mchana ule mpaka jua likazama, halafu ikanichoka yenyewe. Usiogope.

Barua hii mnunuzi wa asali anaondoka nayo sasa hivi.

Dada yako


12 Julai

Dada, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwetu.

Nilingoja neno lako moja. Halikuja. Kwanza nilijiambia limechelewa dukani kama kawaida, halafu nikaanza kujiambia kwamba hakuna mtu wa kuliandika. Asubuhi niliingia zamu, nikaosha sakafu, nikafika kwenye kibanda cha Kiherehere ambacho hakina mtu, nikajikuta naunganisha viganja. Mbwa wote waliobaki wakanyamaza. Nikaweka ndoo chini, nikavua sare nikaitundika kwenye wavu. Mwenzangu wa zamu akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia baba yangu mdogo anaumwa. Safari hii hakucheka. Alinifungulia geti.

Nimefika na mvua. Imenyesha njia nzima na haijaacha hata unyayo mmoja wa kufuata. Kwanza nilikuta alama ya buti chini ya upenu wa kibanda, pale maji hayajafika, nikadhani wamekuchukua. Halafu nikaona mafiga yako umeyageuza kichwa chini, kama tufanyavyo tukiondoka kwa hiari yetu. Nikaketi nikashukuru. Kisha nikatazama juu ya mlango. Kengele haipo. Huwezi kuichukua kama hajavaa. Kwa hiyo ameondolewa matanga na amekwenda na wewe, anatangulia mbele kwa miguu yake. Nani alimlisha, sijui. Kitinda mimba ni mimi, na mimi sikuwepo. Nimelifikiria jambo hilo kutwa na sijapata jibu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kaburi la baba nimeliona. Nimelisafisha majani, nikazungumza naye kidogo. Hayo ni yetu wawili.

Kambi mpya siijui iliko, na hata ningeijua nisingeingia. Sikumzika baba. Sikukaa chini na watu. Aliye matangani haingii kambi mpya, awe mtu awe mbwa, uliniandikia mwenyewe. Barua hii nitaitundika kwenye tawi la njia panda anapotua madumu yake mnunuzi wa asali. Najua hapiti bila kuangalia, na najua anafika mpaka kwenu.

Nilibeba nyama kutoka mjini. Niliibeba kwa ajili ya Baba Mdogo. Ipo hapa mbele yangu, nina njaa, na siwezi kujilisha mwenyewe. Jioni nimepiga mwito. Viganja bado vinajua kazi yao. Nimesikiliza mpaka mvua ikaanza tena, na hakuna aliyekuja, wala sikutegemea, ni mbali.

Nimekaa mlangoni kwa baba, kwenye lile shimo. Nikikunja miguu linanitosha.

Njoo unitafunie, dada. Mimi sitageuza kichwa.

Mdogo wako